Chafya ya Ugoro

Shemeji yangu alikuwa mjinga, na ujinga wake haukutokana na kukosa shule. Wengi wetu tulikosa shule na hatukuwa wajinga. Ujinga wake ulikuwa wa mtu anayedharauliwa miaka ishirini, halafu anatamani kuwa yule anayemdharau. Ninamsema hivi akiwa amekwisha kufa, na najua haipendezi kumsema marehemu, lakini alipokuwa hai nilimwambia pia.

Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Kwa muda mrefu alikuwa nyapara kwenye shamba la mzungu mmoja, kando ya barabara inayotoka Eldoret kwenda Moi's Bridge, daraja ambalo siku hizo lilikuwa bado na jina la mzungu mwingine. Kwetu huko karibu kila kitu kilikuwa na jina la mzungu, na kilichokosa jina kilikuwa na namba. Hata mji wa Eldoret wenyewe wazee waliuita Sisibo, kwa sababu ulijengwa juu ya shamba namba sitini na nne, na namba hiyo kwa Kiingereza iliwashinda kutamka. Wakaikatakata mpaka ikaingia mdomoni.

Yule mzungu wetu alijua majina ya ng'ombe wake wote. Juu ya kila kibanda cha kukamulia kulikuwa na kibao chenye jina la ng'ombe, jina la mama yake na jina la nyanya yake. Watu aliwapa majina ya vyombo na siku. Kulikuwa na Jumatatu, kwa sababu aliandikwa kazi siku hiyo. Kulikuwa na Kijiko, mzee mwenye wajukuu, na sijui mpaka leo aliitwa hivyo kwa nini. Baba yangu alikuwa Sufuria. Alitoka kwetu, chini ya Mlima Elgon, akafika shambani akiwa amefunga sufuria yake mgongoni, na mzungu akacheka, akaandika. Nyumbani jina la baba lilieleza kwamba alizaliwa siku ya baraza, wakati watu wamekusanyika kusikiliza kesi. Kwenye kitabu cha mshahara akawa chombo cha kupikia ugali, na akafa akiwa bado ni hicho chombo.

Mimi nilizaliwa mwaka wa njaa, na jina langu linasema hivyo hivyo: njaa. Kwetu hatuoni haya. Jina ni kumbukumbu. Mtu akikuita, anakumbuka mwaka ule watu walivyokula mizizi na wakapona. Nilipoolewa na mume wangu, aliyekuwa dereva wa trakta hapo shambani, shemeji alisimama mbele ya wageni akauliza, "Nani huyu anaita mtoto wake Njaa?"

Nikamwambia, "Hata kwenu kuna watu wana jina la kiangazi. Kuna mwingine amezaliwa kando ya barabara, akaitwa barabara."

"Hiyo ni tofauti," akasema.

"Tofauti gani?"

Alirekebisha kofia yake. Ilikuwa kofia ya mzungu, iliyotobolewa na panya, aliyopewa badala ya kutupwa.

Mwaka wa pili au wa tatu baada ya uhuru, mzungu akaamua kuuza. Wazungu wengi wa upande wetu walikuwa wanauza na kuondoka, wengine na trakta zao na wengine na mbwa tu. Wafanyakazi na majirani wakaunda kundi la kununua shamba. Mtu alitoa ng'ombe, mwingine mbuzi na pesa za kuazima, mume wangu akatoa ng'ombe wetu wote isipokuwa mmoja. Shemeji alichaguliwa mwenyekiti. Sitasema walimchagua kwa busara yake. Walimchagua kwa sababu alijua Kiingereza kidogo na alijua funguo zinakaa wapi.

Makubaliano yalikuwa wazi, na mimi niliyaandika kwa mkono wangu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa ile shule ndogo ya shamba, bila cheti, nikifundisha kwenye kibanda cha ndama. Shamba lipimwe, kila mtu apate sehemu yake. Ile nyumba ya mawe ya mzungu, yenye vyumba sita na bomba la maji, iwe shule. Wote walikubali, shemeji akiwa wa kwanza kuinua mkono. Mzungu akaenda Nairobi kungoja karatasi zake za safari. Wiki haijaisha, shemeji akahamia kwenye nyumba ya mawe na mke wake na watoto wake wasichana wanne. Alisema anailinda.

Alilinda kitanda cha mzungu kwa kukilalia. Alilinda kiti cha mzungu cha verandani kwa kukikalia kila asubuhi, akitazama watu wakienda shambani. Ukipita bila kumsalimu anaita, "Wewe, unapita hapa kama ni kwako?" Ilikuwa ni kwetu. Tulikuwa tumelipa. Lakini watu walianza kuzunguka upande wa nyuma, kama zamani, na hao nao niliwadharau.

Ndipo mke wake akajifungua mtoto wa kiume.

Hapa lazima nieleze desturi ya kabila la mume wangu. Mtoto hupewa zaidi ya jina moja. Moja linatokana na saa au hali aliyozaliwa, na huyu alizaliwa jioni mbuzi wakirudi zizini, kwa hiyo hilo lilikuwa halina ubishi. Lingine ni la mtu wa ukoo aliyekufa. Wanawake wazee huketi na mtoto ndani, wanataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya, basi yule aliyetajwa wakati huo amekubali kurudi kupitia kwake. Mtoto akichelewa, hupakwa ugoro kidogo karibu na pua. Kwetu marehemu huja ndotoni kudai jina lake. Kwao humsubiri mtoto achemue. Sijaona kwamba njia moja ni ya kijinga kuliko nyingine. Watoto wangu wawili walipata majina yao hivyo, na mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani bibi, ndiye aliyeyataja.

Siku ya nne tuliketi katika chumba cha kulia cha mzungu, Kogo na wazee wawili wa kike, mama wa mtoto, na mimi. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mvua imekatika. Kogo alikataa viti, akaketi chini kwenye mbao. Hajaanza hata, shemeji akaingia bila hodi. Wanaume hawana kazi kwenye shughuli hiyo, na yeye alijua.

"Mama," akasema, "leo kuna jina la kuita."

"La nani?"

"La Bwana. Klodi."

Hilo jina la mzungu nitaliandika hapa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Kogo aliligeuza mdomoni kama kipande cha nyama ngumu.

"Koloti. Huyo alikufa lini?"

"Hajakufa. Yuko Nairobi."

"Sasa unataka nimwite arudi kutoka wapi?"

"Mama, mambo yamebadilika. Hili shamba limezoea jina moja. Miaka yote hii limeitikia jina moja tu. Mtoto akiwa na hilo jina, shamba litamjua."

"Shamba halina masikio," Kogo akasema. "Na huyo mtu si wa ukoo wetu. Hajui hata baba yako alizikwa wapi. Alilima hapo akapanda mahindi."

Shemeji akatoa kibweta cha ugoro mfukoni. Alikuwa amekichukua mapema kwenye mfuko wa mama yake mwenyewe. "Iteni wale wenu kwanza," akasema, "lakini ugoro ninashika mimi."

Basi Kogo akaita. Alimwita mumewe, aliyelimiwa kaburi. Alimwita baba mkwe wake, na kaka zake, na mmoja aliyekufa vitani nchi za mbali akihudumia wazungu. Mtoto alilala tu. Kila jina lilipopita, shemeji alisubiri kidogo, akatikisa kichwa kama karani anayekataa fomu. Mwishowe akapiga magoti, akapaka ugoro kwenye kidole, akausukuma karibu kabisa na pua ya mtoto wa siku nne, akasema kwa sauti ya nyapara, "Klodi!"

Mtoto akapiga chafya mara tatu, kisha akalia mpaka akawa mwekundu.

"Mmesikia!" shemeji akasema. Akatoka nje kutangaza.

Kogo alinyoosha mkono akachukua kibweta chake kilichoachwa sakafuni. "Ugoro ndio uliotaja jina," akasema. "Mtoto hajasema neno."

Mama wa mtoto alimfuta mtoto pua kwa pindo la leso. Alikuwa mwanamke wa kimya, na katika miaka ile sikumhesabu sana. Nilidhani mtu asiyesema hana la kusema.

Nia ya shemeji ilijulikana kwenye mkutano uliofuata. Tulikutana mahali pa kupakilia makopo ya maziwa, watu wote walionunua. Mpimaji alikuwa karibu kuja, na ilibidi tukubaliane juu ya nyumba. Shemeji akasimama na mtoto mkononi, amevikwa sweta jeupe.

"Huyu ana jina la Bwana," akasema. "Desturi zetu mnazijua. Mwenye jina ndiye mwenye nyumba. Bwana mwenyewe alipoondoka aliniambia, nikipata mtoto wa kiume nimpe jina lake, na nyumba aliacha kwa mwenye jina. Na jina hilo kwa lugha yao maana yake ni mfalme."

"Nani alikuambia maana hiyo?" nikauliza.

"Bwana."

"Kwa lugha gani?"

"Mwalimu, wewe jina lako ni Njaa. Usiingilie majina ya watu walioshiba."

Watu wakacheka. Hicho kicheko sijakisahau. Walikuwa watu wazima, waliotoa mifugo yao, wanacheka na mtu anayewanyang'anya nyumba mchana. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akitazama viatu vyake. Nilipomuuliza nyumbani, alisema, "Ni kaka yangu. Na kama Bwana alisema kweli?" Nikamwambia Bwana hajawahi kusema kitu chochote cha kweli kwake isipokuwa "simama" na "endesha". Hatukuongea siku tatu.

Si kwamba wote walimwamini. Kilichowashika ni woga wa zamani. Jina la mzungu likitajwa, migongo yao iliinama yenyewe kabla kichwa hakijaamua. Wakaahirisha jambo la nyumba, na mimi nikarudi kufundisha kwenye kibanda cha ndama, watoto wakikanyaga matope.

Kama mwezi hivi ulipita. Siku moja, kama saa nne asubuhi, gari la mzungu likaingia. Alikuwa amerudi kuchukua tandiko lake la farasi na sanduku la vitabu kabla hajaondoka nchini kabisa. Habari zilikimbia kuliko gari. Alipokuwa anashuka, karibu watu wote walikuwa uani, na shemeji alikuwa ameshavua kofia.

Aliyeuliza ni mzee Kijiko. Simsifu mtu kirahisi, lakini huyo ninamsifu. Alisogea mbele, akaegemea fimbo yake, akasema, "Bwana, kuna neno tunataka kusikia kwa mdomo wako. Ulimpa huyu mtoto jina lako na nyumba?"

Mzungu alitazama huku na huku. "Toto gani?"

Mtoto akaletwa. Mama yake ndiye aliyemleta, amembeba mgongoni.

"Mimi hapana jua hii toto," mzungu akasema. "Nyumba mimi nauza kwa nyinyi yote. Iko kwa karatasi."

"Wanasema jina lako maana yake mfalme," Kijiko akasema.

Hapo mzungu akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Klodi? Hapana! Hii jina mbaya kabisa. Kule shule, toto ingine nacheka mimi siku yote. Hii jina ya zamani, ya Warumi. Maana yake mutu ya mguu mbaya." Tulipokosa kuelewa, akaanza kutembea uani akivuta mguu mmoja, anapanda na kushuka kama mkokoteni wenye gurudumu bovu. "Hivi! Hivi!" akasema. "Jina ya kiwete!"

Watu walicheka kwa namna nyingine sasa. Shemeji alisimama na kofia mkononi, anatabasamu, kama vile na yeye amesikia mzaha mzuri. Hilo tabasamu ndilo lililonichukiza kuliko yote aliyokuwa amefanya. Jina alilompa mtoto wake wa kiume limetembezwa kiwete mbele ya watu, na bado anataka kumfurahisha anayelitembeza.

Lakini sikutaka mzungu naye aondoke ametakata. Nilimkaribia nikamuuliza, "Bwana, unamkumbuka baba yangu? Alikukamulia miaka kumi na saba."

Alinitazama, uso ukamkunjuka. "Wewe toto ya Sufuria! Sufuria mutu muzuri sana."

"Jina lake nani?"

"Sufuria."

"Jina lake."

"Su-fu-ria," akasema kwa sauti kubwa zaidi, polepole, kama anaongea na kiziwi.

Alisema kwa upendo, hilo ndilo jambo. Machoni alikuwa na unyevu. Halafu akaenda kwenye zizi, akasimama mbele ya kibanda kimoja, akauliza kama ng'ombe fulani bado anatoa maziwa vizuri, akamtaja kwa jina lake na la mama yake. Mimi nikaenda jikoni nikamletea chai. Nimefikiria mara nyingi kwa nini nilimletea chai, na kila jibu ninalopata linanidhalilisha. Mkono ulijua njia ya birika kabla ya moyo kukataa.

Siku hiyo hiyo watu walimtoa shemeji katika uenyekiti. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika mayai. Akatoka kwenye nyumba ya mawe, akapewa sehemu yake kama watu wengine wote, upande wa bwawa, na tukahamisha shule ndani. Darasa la kwanza lilikaa chumba cha kulia. Kogo akamchukua mtoto, akaketi naye nyumbani kwake na wazee wake wawili wa kike, bila mwanamume hata mmoja. Alipomtaja mumewe, mtoto alichemua bila ugoro. Au hivyo ndivyo wanawake walivyosema, na mimi sikuwepo. Huyo mtoto alikuja darasani kwangu baadaye. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na jina aliloniambia niandike ni lile la mbuzi wakirudi zizini.

Shemeji hakuniongelesha kwa miaka kadhaa. Alilima mahindi, tena alilima vizuri. Halafu mke wake akazaa tena, msichana, na jioni moja nikamwona amesimama kwenye ua wangu, anakuna shingo.

"Mwalimu," akasema, "nataka jina la kubatiza. La kwenye Biblia. Lakini safari hii nataka mwenye kusoma aangalie maana kwanza. Sitaki kuchekwa."

Nilikuwa na kitabu cha majina ya Biblia, cha kuazima kutoka kwa pasta. Nikakifungua mbele yake, nikageuza kurasa kama mtu anayehangaika, na nilikuwa nimeshajua ninachotafuta.

"Lea," nikasema.

"Huyo ni nani?"

"Mke wa kwanza wa Yakobo. Alizaa wana sita. Makabila mengi ya Israeli yametoka tumboni mwake."

"Na maana?"

"Maana ni kama nilivyokuambia. Mama wa watu wengi."

Aliondoka kifua mbele. Kwenye kitabu palikuwa pameandikwa kwamba wengine husema Lea maana yake ni ng'ombe jike, na wengine husema ni aliyechoka. Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu jikoni, na nilikula vizuri usiku ule. Nilimngoja. Nilitaka siku moja, mbele ya kanisa zima, mtu amwambie.

Haikutokea hivyo. Miezi michache baada ya ubatizo nilienda kwao kuazima debe. Yeye hakuwepo. Mke wake alikuwa ameketi kwenye gunia, anapukuchua mahindi, mtoto amelala pembeni kwenye kivuli cha ghala. Nikaketi nikamsaidia, kama inavyopasa.

"Pasta alitufundisha Jumapili," akasema ghafla. "Habari za Yakobo na wake zake. Alisema Lea maana yake ni aliyechoka."

Nikaendelea kupukuchua.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua," nikasema. Sikuweza kumdanganya yeye.

Nilingoja anitukane. Alichukua gunzi tupu akalitupa kwenye rundo, akachukua hindi lingine.

"Nilifikiri hivyo," akasema. "Usimwambie baba yake, ataenda kumsumbua pasta abadilishe. Mimi nalitaka. Wale wasichana wanne wa kwanza walipewa majina ya upande wao, na huyo wa kiume mliona wenyewe. Hakuna siku mtu aliniuliza mimi. Hili lina maana yangu."

"Dada," nikasema, "mimi sikulitoa kwa nia nzuri."

"Najua," akasema. "Sukuma hilo gunia huku."